Msemaji wa Mgonjwa

Katika mwaka 2011 nilikuwa nikikaa Dar es Salaam, nina mtoto wa miezi minne, na kazi yangu ya kufundisha ilinidai nirudi darasani. Haja yangu ya msichana wa kunishikia mtoto ilijulikana mtaani kabla sijaitangaza. Akaja mama mmoja wa makamo, mwenye maneno laini na kanga safi, ambaye nyumba zote za jirani zilimwita Shangazi, ingawa sikupata kumwona mtu aliyekuwa na nasaba naye. Baada ya wiki moja alinikabidhi msichana pale Ubungo, kilipokuwa kituo kikubwa cha mabasi wakati ule, akasema kuwa ametoka Singida usiku huo. Mapatano yetu yalikuwa mepesi. Nauli nilitoa mimi, na mshahara wa miezi mitatu ya kwanza ulikuwa uwekwe mkononi mwa Shangazi ili aufikishe kwa wazazi. Nilikubali bila ya kuuliza swali. Niliona kuwa ni hisani kwa pande zote, na labda nilijisifu kidogo moyoni kwa kumtoa mtoto wa mtu katika ukame.

Wiki ya sita nilikwenda kliniki kumpima mwanangu uzito na kumchoma sindano. Msichana alimbeba mtoto, mimi nikabeba mkoba na madaftari. Tulipokuwa katika foleni alilegea akaketi chini, na nesi aliyekuwa akipita akamwinua. Nesi huyo alikuwa mwema. Sina neno baya la kumsema. Alimwingiza ndani akampima, nami nikaingia nyuma yao kwa kuwa hapana aliyenizuia. Ilionekana kuwa ana mimba ya miezi mitano. Kwangu alikuwa na wiki sita.

“Mwanangu, una miaka mingapi?” nesi alimwuliza.

Msichana hakumtazama nesi, alinitazama mimi. Nikajibu, “Kumi na minane.” Shangazi alikuwa ameniambia kumi na sita, na hata hiyo sikuwa na yakini nayo. Uongo ule ulinitoka kama salamu.

“Unakaa na nani?” Nikajibu kuwa anakaa kwangu, ni ndugu yetu. “Na baba wa mtoto yuko wapi?” Hapo hata mimi nilinyamaza. Nesi akachora mstari mfupi mahali pa jina la mwenzi, akatupa kadi, akaagiza kuwa siku ya pili msichana aje na mwenzi wake, au kama hana, alete barua ya serikali ya mtaa. Foleni ilikuwa ndefu. Akaitwa mwingine.

Tulipokuwa katika daladala msichana aliniambia maneno ambayo sikuyapima uzito wake siku ile: “Mama, usimwambie Shangazi.” Nilimwambia Shangazi jioni ile ile. Asubuhi yake alikuja kumchukua, akasema anamrudisha kwao, na kabla ya Jumapili alikuwa amekwisha niletea mwingine. Wa kwanza sikumwona tena. Kadi yake ilisahauliwa juu ya kabati, nami ninayo hata leo. Umri ulioandikwa humo ni ule nilioutoa kinywani mwangu.

Nimeyaeleza haya kwa sababu siku hizi, palipo na mazungumzo juu ya biashara ya kuuza watu, huzuka rai ya kwamba kliniki za afya ya uzazi zilazimishwe kwa sheria kuwatambua wanaoshukiwa kuwa wametekwa katika biashara hiyo, na kuwaarifu wakuu. Wengi wanaoijadili rai hii huijadili kwa mbali, wakimfikiria mhalifu mwenye sura ya mhalifu. Mimi nimeijadili na nafsi yangu, maana kama sheria hiyo ingalikuwapo na kutimizwa siku ile, wa kuarifiwa habari zake ningalikuwa mimi.

Sidai kuwa kila msichana wa kazi ni mtumwa. Walakini tazama jinsi sheria inavyosema. Mkataba wa Palermo, uliokubaliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2000, hautaji minyororo. Unataja kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhifadhi na kumpokea kwa kusudi la kumnyonya. Na mtu huyo akiwa chini ya miaka 18, hapana haja ya kuthibitisha kwamba alitishwa au alidanganywa. Tanzania iliifuata njia hiyo katika Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Neno lile “kumpokea” lilinikaa kooni niliposoma mara ya kwanza. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba uovu wa safari uko kwa anayesafirisha, kumbe safari haina maana bila ya mlango wa kufikia.

Kwa nini kliniki ya uzazi, wala si soko au msikiti au kanisa? Kwa sababu huko kwingine msichana aweza kukatazwa kwenda, lakini mwili ukiumwa au ukishika mimba humlazimisha hata anayemfungia amtoe nje. Mwaka 2014 Laura Lederer na Christopher Wetzel walitangaza huko Marekani utafiti juu ya wanawake waliookoka katika biashara ya ngono. Katika hao, asilimia 87.8 walisema kuwa walipata kuonana na mhudumu wa afya wakati walipokuwa bado mikononi mwa wenye kuwatumia. Waliohojiwa walikuwa kama mia moja tu, na Marekani si Singida. Lakini maana yake inafika kwetu. Watu hawa hawakufichwa pangoni. Waliguswa mkono, wakapimwa joto, wakaandikiwa dawa, kisha wakarudishwa kwa yule aliyekuwa akingoja ukumbini.

Basi mtu akisema, “Alazimishwe nesi kutoa habari,” ulimi wangu hauna upesi wa kumpinga. Lakini tumekwisha kuona mara nyingi amri ya kutoa habari ikigeuka kuwa kufuli ya mlango. Nani kwetu asiyekumbuka fomu ya polisi, PF3? Kwa miaka mingi mwanamke aliyepigwa au aliyebakwa alifika hospitali akaambiwa aende kwanza kituoni, akaieleze aibu yake kaunta mbele ya watu, ndipo arudi kutibiwa. Kusudi la fomu lilikuwa jema: ushahidi usipotee. Lakini wako waliokwenda nyumbani badala ya kituoni.

Ghuba ni mfano mchungu zaidi, nao unatuhusu kwa kuwa binti zetu wa Tanzania, Kenya na Uganda huenda huko kwa kazi za nyumbani. Katika baadhi ya nchi hizo, kwa miaka mingi, mwanamke mjamzito alidaiwa cheti cha ndoa hospitalini, na asiye nacho aliweza kukabidhiwa kwa polisi. Falme za Kiarabu zililegeza sheria yao kuanzia mwaka 2022. Mfikirie mtumishi wa nyumbani ambaye pasi yake imeshikwa na mwajiri, na mimba ni ya mtu wa nyumba ile ile. Hospitali ilitimiza wajibu wake wa kuarifu, na aliyetiwa mbaroni ni yeye. Naye mwenye habari hizo alijua kuwa heri kuzaa peke yake chumbani kuliko kubisha hodi kwa daktari.

Huko Marekani jambo hili lilitumbukia katika ugomvi mwingine. Mwaka 2019 kanuni za fedha za serikali kuu kwa uzazi wa mpango, ziitwazo Title X, ziliagiza kliniki zitii sheria za majimbo za kutoa habari, na usafirishaji wa watu ukatajwa waziwazi. Serikali iliyofuata ikazibadili kanuni hizo mwaka 2021. Kwa kuwa kanuni zile zile zilibeba masharti juu ya utoaji wa mimba, ikawa taabu kutambua ni nani anayemtetea msichana, na ni nani anayeitafutia kliniki kosa. Siingii katika shauri hilo. Lakini nimejifunza kwamba swali la nani anaitaka amri ni swali la haki kuulizwa.

Rai yangu, baada ya miaka hii, imegawanyika kwa umri. Mtoto aarifiwe habari zake, na nesi asipewe hiari katika hilo. Kwa kweli wajibu huo upo tayari: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye habari za mtoto anayevunjiwa haki zake aziarifu mamlaka ya serikali za mitaa. Haisemi nesi, inasema kila mtu. Kumbe wajibu ule ulikuwa wangu kabla ya kuwa wa kliniki, tangu usiku wa Ubungo. Kwa mtu mzima naona kinyume. Mwanamke mwenye akili timamu, aliyekwisha kunyang'anywa uamuzi wa kila jambo, asinyang'anywe na daktari uamuzi wa lini aseme na kwa nani. Aambiwe kuwa njia ipo, apewe namba aikariri, maana karatasi hupekuliwa. Kisha aachwe achague, na mlango ubaki wazi kwa siku atakayorudi.

Lakini haya yote huja baada ya jambo jingine, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Kliniki iliyoagizwa kutoa habari haiwezi kutoa isichokijua, nayo haitajua kitu maadam mwenye kujibu ni msemaji wa mgonjwa. Kliniki zetu nyingi, kwa nia njema ya kupima virusi vya ukimwi kwa pamoja, zimemzoeza mjamzito aje na mwenzi wake, tena walio wawili huhudumiwa mbele ya aliye peke yake. Kwa mke na mume wa kawaida hii ni faida. Kwa msichana wa namna ile niliyoieleza, ni kumpa mshikaji wake kiti. Chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani kilishauri mwaka 2019 kwamba mgonjwa anayeshukiwa aonwe faragha, na mkalimani asiwe yule aliyekuja naye. Ni shauri dogo, halihitaji fedha nyingi, nalo lingalinitoa mimi chumbani.

Mpwa wangu sasa ni nesi katika kliniki ya namna hiyo, mkoani. Nilipomwuliza kama angependa sheria ya kumlazimisha, alicheka kwanza. “Shangazi,” akasema, na neno hilo lilinichoma ingawa kwake ni haki yangu, “nikishaandika, nimpeleke wapi? Ofisa ustawi wa jamii ni mmoja, na leo yuko semina.” Anaijua namba 116 ya kuwasaidia watoto, amepata kuipiga. Analijua dawati la jinsia na watoto la polisi, na humo anamwamini askari mmoja, mwanamke, ambaye ana hofu atahamishwa. Alipompeleka binti mmoja mwaka juzi, usiku wa kwanza binti alilala nyumbani kwake mpwa wangu, kwenye mkeka, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine.

Kuhusu msemaji, ana hila yake. Akimshuku aliyeandamana na mgonjwa, humwambia kwa adabu kwamba daftari la matibabu limekwisha, aende dukani ng'ambo ya barabara akanunue jingine. Madaftari anayo katika mtoto wa meza, rundo zima, ameyanunua kwa fedha zake. Mwendo wa kwenda na kurudi ni dakika kumi. Humo huuliza maswali matatu tu: unalala wapi, mshahara wako anaushika nani, na ukitaka kuondoka leo utaweza? Umri huuliza mwisho, anaposikia viatu vinarudi.