Makabati ya Jikoni Katika Maisha ya Fundi Rangi

Mlango wa kabati la jikoni huanza kuchakaa pale unaposhikwa. Kuzunguka mshikio, vanishi hulainika kwa jasho na mafuta ya mikono, hushika vumbi, kisha hubanduka na kuacha doa jeusi. Chini ya sinki tatizo ni maji: hupenya kwenye kingo, mbao huvimba, rangi hupasuka kufuata maungio. Juu ya jiko ni moshi na mafuta ya kukaangia. Kabati moja huwa na maradhi matatu, na fundi anayelitibu lote kwa dawa moja huitwa tena kabla mwaka haujaisha.

Fundi anayesimuliwa hapa aliingia kazini kwa mlango wa msasa. Alianza akiwa kijana katika karakana ya seremala huko Keko, Dar es Salaam, ambako wanagenzi walisugua na brashi ikabaki kwa mafundi wakubwa. Baadaye alijitegemea, akawa anaitwa nyumba hadi nyumba, hasa Upanga na Kinondoni, kwenye makabati ya mninga na mvule yaliyotengenezwa wakati mbao hizo zilipatikana kwa urahisi. Utaratibu aliofundishwa Keko hakuuacha.

Kwanza milango hutolewa kwenye fremu. Kila mmoja huandikwa namba kwa penseli mahali bawaba inapokaa, ambapo hapasuguliwi wala hapapakwi rangi, na namba hiyohiyo huandikwa kwenye fremu. Milango ya kabati moja huonekana kulingana, lakini kwa miaka mingi kila mmoja umepinda kwa namna yake. Ukihamishiwa kwingine haufungi.

Kusafisha ndiko wenye nyumba hukuona kama kupoteza muda, na ndiko kunakoamua kila kitu. Msasa hauondoi mafuta, huyasukuma ndani ya mbao, na rangi iliyopakwa juu yake hubanduka kwa ukucha. Fundi hutumia magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya moto, kwa kuwa magadi huyageuza mafuta kuwa sabuni. Kisha hufuta kwa maji safi, na mwisho kwa kitambaa chenye siki kidogo, maana mabaki ya magadi huzuia rangi kushika. Palipo na mbao tupu magadi hayatumiki, kwani huweza kuitia weusi. Hapo hufutwa kwa tapentaini.

Kinachofuata ni kujua kilichopakwa zamani. Pamba iliyochovywa kwenye spiriti hubandikwa mahali pasipoonekana. Kikilainika na kunata, ni shelaki, polishi inayotokana na utomvu wa wadudu wa India. Kisipolainika hujaribiwa kwa tina: kikiyeyuka ni laka, kikikataa ni vanishi au rangi ya mafuta. Rangi ya miaka mingi haisuguliwi ikiwa kavu, kwa sababu huenda ina risasi, madini ambayo Marekani iliyapiga marufuku katika rangi za majumbani mwaka 1978 na ambayo huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Husuguliwa kwa msasa wa maji, watoto wakiwa mbali, na tope lake huzolewa lote.

Kuhusu kupaka au kutopaka rangi, fundi huyu ana msimamo: mninga mzima haufai kufunikwa kwa rangi nyeupe. Mteja alipoomba hivyo, fundi alichukua mlango mmoja, akakwangua kona, akapitisha msasa namba 120, 180, kisha 240, daima kufuata uzi wa mbao, akafuta kwa tapentaini. Kabla haijakauka, mbao huonyesha sura itakayokuwa nayo chini ya vanishi: hudhurungi yenye michirizi ya dhahabu. Wengi walibadili nia papo hapo. Walioshikilia weupe walipakiwa shelaki kwanza, kwa kuwa mbao zenye rangi kali huvujisha rangi hiyo hadi juu na kuugeuza weupe kuwa manjano. Plaiwudi na mbao zilizojaa viraka vya puti, hizo hupakwa rangi bila majuto.

Kwa milango ya kupaka rangi, kwanza hupakwa praima, yaani rangi ya msingi, kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta, milango ikiwa imelazwa ili rangi isitiririke, na kati ya mkono na mkono hupitishwa msasa laini. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni hewani, na unyevu wa masika ya Dar es Salaam huichelewesha sana. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo bora, ilimradi mlango wa kuelekea vumbi la barabarani ufungwe.

Wakati wa kurudisha milango, matundu ya skrubu yaliyolegea hujazwa vijiti vilivyopakwa gundi. Rangi huonekana kavu kesho yake, ila ugumu wake hukamilika baada ya wiki kadhaa. Katika muda huo milango hufutwa kwa kitambaa kikavu tu, bila sabuni.