Sehemu ya 6: Simu ikisema "kadi imeharibika", usiiamini haraka

Mama zangu wa Mbulu na Hanang, leo tunaongelea simu, lakini ni kwa ajili ya watoto.

Wengi wenu mnaipiga picha kadi ya kliniki. Mnafanya vizuri. Tuliona Katesh Desemba 2023, tope la Mlima Hanang lilivyobeba nyumba na kila kilichokuwemo.

Juzi kaja mama na mtoto wa miezi 9, chanjo ya surua-rubella. Kadi yake imeloa, haisomeki. Picha iko kwenye memori kadi, na simu inasema "kadi imeharibika". Jirani kamshauri aifomati. Nikamwambia, dada, subiri kwanza.

Jamani, ujumbe wa simu ni kama homa. Joto la mtoto halikuambii kama ni malaria, nimonia au sikio, lazima upime. Simu nayo inajua tu kwamba imeshindwa kusoma. Pengine ni vumbi tu kwenye kadi. Pengine chaji iliisha simu ikiwa inaandika, orodha ya mafaili ikavurugika, ila picha zenyewe zipo. Yote inayaita jina moja.

Hata "nafasi haitoshi" inaweza kukudanganya. Kadi nyingi za GB 32 kushuka chini zinatumia mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja la kufikia GB 4. Ukihamishia video ndefu ya harusi inakataa, na kompyuta za zamani zilisema diski imejaa, kumbe nafasi ipo tele.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Usikubali kufomati. Kufomati ni kufuta.
2. Zima simu, toa kadi, ifute kwa kitambaa laini kikavu, irudishe.
3. Ikigoma, ijaribu kwenye simu nyingine. Ila kama uliiunganisha na memori ya ndani ya simu yako, kwingine haitasomeka hata ikiwa nzima.
4. Ikifunguka, hamisha picha kwanza, mengine baadaye.

Ya yule mama ilifunguka kwenye simu ya mwenzangu. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zote zinaonekana. Mtoto kachomwa, kalia kidogo, kanyonya, kalala.

Na picha ikipotea kabisa, njoo hivyo hivyo kwenye kituo mtoto alikochanjwa. Rejista ipo, tutamtafuta humo. Usikae nyumbani tarehe ikapita kwa sababu ya kadi.