Usukani wa Kushoto: Kwa Wanaokwenda Kuzuru Jamaa Omani

Ni nyingi nyumba za Mombasa, Lamu na Malindi zenye jamaa Omani. Ndugu hualika, tiketi hukatwa, na siku ya pili mgeni hukabidhiwa ufunguo wa gari. Sisi tumeendesha huko zaidi ya safari moja, na tumeona ni vyema kuyaandika haya kabla likizo haijawachukua watu.

Kule magari hupita kulia na usukani uko kushoto. Kichwa hulielewa jambo hili mara moja; mkono na jicho huchelewa. Penye magari mengi hapana tabu, kwani mtu hufuata wenziwe. Hatari ni alfajiri, mtu anapotoka peke yake kituo cha petroli, barabara tupu, mkono ukamrudisha kushoto kana kwamba yuko Nyali. Sisi tulimpa aliyekaa kando yetu kazi ya kusema "kulia" kila kona, wala hatukuona haya. Kwenye raundabauti nako huzungukwa kinyume cha kwetu, na hupishwa aliyekwisha kuingia, ambaye hutokea kushoto.

Lakini tunayemhofia zaidi ni mwenda kwa miguu. Mtaani Ruwi, bibi mmoja wa msafara wetu, aliyevuka barabara za Mombasa umri wake wote, alitazama kulia, akaona pako wazi, akateremsha mguu. Gari lilikuwa likija kutoka kushoto. Mpwawe alimvuta kwa buibui. Kiatu kimoja kilibaki njiani. Mama zetu, wafundisheni watoto kabla ya kupanda ndege: kule hutazamwa kushoto kwanza. Na mtoto ateremkie mlango wa kulia, ulio upande wa ukingo wa barabara. Aliyezoea kushuka kushoto hushukia magarini.

Barabara kuu ni pana na laini, na mwendo wa juu kabisa ni kilomita 120 kwa saa, mahali pengi ukiwa chini ya hapo. Kamera ziko nyingi. Faini yake huandikwa kwa namba ya gari, si kwa jina la mgeni. Mgeni amekwisha kurudi Mombasa, shemeji ndiye anayelipa. Hilo ni deni, nalo halifutwi na undugu. Vilevile ulizeni mapema kama leseni zenu zinakubaliwa na kama bima ya gari inamfunika dereva mwingine, kwani ufunguo wa shemeji si bima.

Mvua ikinyesha milimani, mabonde makavu waitayo wadi hujaa maji kwa ghafla, hata kama juu yenu mbingu ni safi. Kuingiza gari katika maji yapitayo ni kosa lenye adhabu, na watu wamekufa kwa hilo. Ngojeni yapungue. Kupanda Jabal Akhdar, polisi huruhusu magari yanayovutwa na magurudumu yote manne tu. Waendao Salalah kwa barabara, mwendo wa kilomita elfu moja hivi, wasisafiri usiku: ngamia huvuka jangwani bila taa, na kwa urefu wa miguu yake, akigongwa huangukia kioo cha mbele. Na msimu wa khareef, kati ya Juni na Septemba, milima ya huko hufunikwa na ukungu.

Nambari ya dharura ni 9999. Ni ile yetu ya 999, ikaongezwa tisa moja. Iandikeni katika simu za watoto pia.