Mzani wa kozi: asubuhi moja jangwani Abu Dhabi

Kwanza nikiri jambo, maana bila hilo safari hii haieleweki. Mwaka jana, siku ya kuzaliwa ya mke wangu, nilimnunulia mzani. Ule wa kioo wa bafuni, unaoonyesha namba kwa taa ya buluu. Niliufunga na utepe kabisa. Alikuwa amejifungua miezi minane nyuma, na mwenyewe alishalalamika mara mbili tatu kwamba nguo hazimwingii, nikaona hapa nimewaza. Akasema asante. Tangu siku hiyo akawa hali usiku. Anatupakulia sisi, yeye anakaa na kikombe cha chai ya rangi, na mimi, jamani wanaume wenzangu, nikawa namsifia.

Kwa hiyo Januari hii tulipokwenda Dubai, yeye kufuata mzigo wa duka lake na mimi kubeba huo mzigo, tulikuwa tunaongea, lakini ya bei na ya mtoto tu. Siku mbili za mwisho tukazitenga kwa ajili ya Abu Dhabi, kilomita kama 140 kwa barabara iliyonyooka hadi inatia usingizi. Mimi nilitaka kuona magari ya mashindano. Yeye akasema anataka kuona hospitali ya ndege.

Ipo kweli, msomaji, sitanii. Abu Dhabi Falcon Hospital ilifunguliwa mwaka 1999, haiko mbali na uwanja wa ndege, na wagonjwa wake wakubwa ni kozi, ndege wa kuwindia. Ukiingia chumba cha kusubiri unawakuta wamepangwa kwenye vigogo vilivyofunikwa nyasi bandia, kila mmoja na kofia ya ngozi iliyomziba macho, kimya kuliko wagonjwa wa hospitali yoyote niliyowahi kukaa foleni. Wengine wamekuja kukatwa kucha, wengine kuungwa manyoya: likivunjika moja, daktari anatafuta linalofanana kwenye droo na kulipachika. Wana hadi pasipoti. Falme za Kiarabu zilianza kuwatolea mwaka 2002 ili kudhibiti biashara ya ndege wa porini.

Lakini kilichonibadilisha hakikuwa hospitali. Mfanyabiashara mmoja anayemuuzia mke wangu vitambaa ana mjomba wake anayefuga kozi nje ya mji. Mama wa huyo mzee alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake ni kile cha visiwani, cha taratibu. Alitupokea alfajiri, jua halijatoka, baridi ya jangwani inaingia mpaka mifupani. Mke wangu akamwamkia, "Shikamoo, ami." Akajibu, "Marahaba, mwanangu," akatupa kahawa ndani ya vikombe vidogo, kisha akatuonyesha ndege wake.

Ni jike la saker, ambaye Waarabu wa huko humwita *hur*, neno lile lile lililotupa sisi "huru". Majike ndiyo makubwa na ndiyo yanayotafutwa. Nilitegemea mzee avae glovu tuondoke. Wapi! Alichukua mzani, wa kielektroniki, juu yake wamefunga kijiti cha kutulia ndege. Akampandisha. Gramu 1,040. Akafungua daftari lililochakaa na kuandika tarehe, saa, uzito, hali ya hewa, na alichokula jana: kware mmoja, kasoro mguu.

"Kila siku, ami?" nikamuuliza.

"Kila siku, saa ile ile, kabla hajala."

Kisha akatueleza, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kozi hafugiki kama mbwa. Hakupendi, hakuogopi, hana haja ya kukufurahisha. Ukimwachia hewani, kinachomrudisha mkononi ni kwamba anajua hapo pana chakula, na leo anakitaka. Akishiba sana atakaa juu ya kichuguu cha mchanga akutazame kama mtu asiyekudai, au ataondoka zake. Akiwa na njaa kupita kiasi hana nguvu ya kuruka, analia, na usiku mmoja wa baridi kama ule unaweza kummaliza, kwa sababu akiba ya mwili wake ni ndogo. Kati ya hapo na hapo kuna nafasi nyembamba, ya gramu chache tu. Huyu wake, mzee alisema, gramu 20 juu hamsikii, na gramu 40 chini hamwachii kabisa, anamlisha.

Na namba peke yake haitoshi. Alimpapasa kifuani kwa vidole viwili, kuusikia mfupa wa kidari: ukichoma kama kisu, ndege amekonda, hata mzani useme nini. Akakagua kidonge cha manyoya na vifupa alichokitapika alfajiri, maana kabla hajakitoa hapewi chakula. Akaangalia na kinyesi. Baridi ikizidi anamwongezea, akifanya kazi nyingi anamwongezea. Kiangazi, ndege anapobadilisha manyoya, hawindi kabisa. Anakaa chumba chenye kiyoyozi, anakula atakavyo hadi apite gramu 1,200. Njiwa wa mtaani hampi, wana ugonjwa wa koo unaowaua kozi.

Kwetu pwani wazee husema kozi kulala na njaa ni kupenda kwake. Nikamtajia mzee. Akacheka. "Huyo ni kozi wa porini. Huyu njaa yake naishika mimi. Kwa hiyo dhambi yake pia yangu."

Mke wangu alikuwa hajasema kitu. Akauliza, "Ami, na siku haruki vizuri, unampunguzia?"

"Hapo ndipo vijana wanapoua ndege," mzee akasema. "Anaona hamtii, anampunguzia. Bado, anampunguzia tena. Kumbe mwenzake anaumwa." Akaukunjua mkia wa ndege kama kipepeo cha kupepea na kutuonyesha unyoya mmoja. Katikati ulikuwa na mstari mwembamba uliokatisha, kama umechorwa na wembe. "Huu uliota kwa mtu aliyekuwa naye kabla yangu. Ndege akilazwa njaa wakati manyoya yanaota, yanaandika. Baadaye hata umnenepeshe vipi, akipata shida ya kweli atavunjika hapo hapo."

Mke wangu aliutazama ule unyoya muda mrefu. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Kuruka kwenyewe kulikuwa dakika kumi labda. Kuwinda wanyama wa porini nchini humo kumekatazwa, kwa hiyo mzee alizungusha kamba yenye chambo cha manyoya, akavua ile kofia na kumwachia. Alipanda hadi akawa nukta. Mgongoni ana kifaa kidogo cha kumtafutia akipotea, ila kamba hana. Nilimwona mzee midomo inamcheza. Miaka yote hiyo, na bado hana uhakika kama atarudi! Kisha ile nukta ikaanguka. Sijui niseme vipi. Upepo tuliusikia kabla ya kumwona. Alitua juu ya chambo, mzee akapiga goti mchangani na kumlisha mwenyewe, akimwangalia ule mfuko wa chini ya shingo unavyojaa, na alipotosheka akampandisha tena mzanini na kuandika.

Chai tulikunywa sakafuni. Ilikuja tambi za sukari zenye mayai juu, na lukaimati, ambazo ni kaimati zetu za futari tu. Mke wangu akachukua moja, akachukua ya pili. Nikajikuta nahesabu. Alipofika ya nne akanitazama usoni, mkono ukiwa bado sahanini. Nikaisogeza sahani upande wake. Hakusema kitu, akala.

Alisema njiani, tumeshaikamata barabara ya Dubai. "Yule mzee anajua ndege wake jana kala kware kasoro mguu. Wewe unajua mimi jana nilikula nini?"

Sikujua. Nilidhani najua, nikaanza kujibu, nikanyamaza. Akaniambia. Ilikuwa embe moja na nusu mkate, tangu asubuhi hadi tunalala, na tulikuwa tumetembea sokoni siku nzima.

Kwa mnaotaka kwenda: miezi mizuri ni kuanzia Oktoba hadi Machi, hali ya hewa ni ya kustahimilika na ndege wako kazini. Hospitali inapokea wageni kwa miadi, hivyo wekeni nafasi mapema. Hata kama hamna mjomba wa mtu, hoteli nyingi za jangwani zina maonyesho ya kozi. Ombeni muonyeshwe na mzani, si kupiga picha tu. Bebeni sweta.

Ule wa kioo tumeuhamishia dukani kwake, anapimia vifurushi vya mikoani.