Popobawa, sehemu ya pili

Najua nimeadimika. Kazi za gazeti zimenibana, na mengine ni uvivu tu, tusidanganyane. Leo nina kisa. Kilianza na ubishi wa filamu kikaishia mahali ambapo sikutegemea, kwa hiyo nivumilieni mpaka mwisho.

Wanaoujua Mji Mkongwe wanapajua Jaws Corner. Kwa msiopajua: ni makutano ya vichochoro, pana baraza za kukalia, pana muuza kahawa na pana picha ya papa ukutani. Wenyewe wanasema jina limetokana na ile filamu ya papa, Jaws, ya mwaka 1975. Hapo hujadiliwa siasa, mpira, bei ya mchele na kila kitu kingine chini ya jua.

Basi usiku mmoja baada ya Isha tulikuwa hapo, vijana wanne na wazee kadhaa, kahawa mkononi. Rafiki yangu mmoja, mtu wa filamu za Kihindi tangu utotoni, akatangaza kwamba Stree 2 ya mwaka 2024 imeipita Stree ya mwaka 2018. Kama hamkuiona, Stree ni mzuka wa kike anayewachukua wanaume usiku katika mji wa Chanderi na kuacha nguo zao tu. Wanaume wa mji huo wanaandika ukutani maneno ya kumwambia arudi kesho. Anayesoma ukuta kila siku anaambiwa kesho, na kesho haifiki. Wazo hilo halikutoka hewani. Miaka ya 1990 watu wa Bangalore waliandika maneno kama hayo kwenye milango yao kwa hofu ya kweli kabisa.

Mimi nikapinga. Nikasema filamu ya mizimu haiwezi kuwa na sehemu ya pili iliyo bora kuliko ya kwanza. Hoja yangu ilikuwa rahisi: hofu inatokana na kutojua. Sehemu ya kwanza inakufungia mlango na kukuacha usikilize kinachokwaruza upande wa pili. Ikifika sehemu ya pili mlango umeshafunguliwa, umeshamwona jini, umeshazoea meno yake. Kinachobaki ni kumwongezea meno.

Nikawatolea mifano. The Exorcist ya 1973 iliwatisha watu dunia nzima, lakini Exorcist II ya 1977 watazamaji waliripotiwa kuicheka. Jaws 2 ilitoka 1978, na sijasikia kona yoyote iliyopewa jina lake. Nikawakumbusha na filamu zetu za Bongo, zile za Mussa Banzi kama Nsyuka na Shumileta, na mtindo wa miaka ile wa filamu moja kukatwa vipande viwili. Unanunua Part 1, jini anafika mlangoni, picha inakatika, unarudishwa dukani ukanunue Part 2. Ile haikuwa sehemu ya pili, ilikuwa bili ya pili.

Watu wakacheka. Nilijiona nimeshinda.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akaweka kikombe chini. "Mwanangu," akasema, "mnahangaika na Wahindi na Wamarekani. Hapa Unguja sehemu ya pili tumeiishi wenyewe. Na ilishinda ya kwanza."

"Ipi hiyo, mzee?"

"Popobawa. Wewe si ndiye uliyemwandika gazetini?"

Hapo nikanyamaza. Ni kweli nilimwandika.

Nirudi nyuma kidogo kwa faida ya wasiojua. Popobawa, kwa maana ya popo na bawa lake, ni shetani anayesemwa kuwaingilia watu usiku vitandani, wanawake kwa wanaume, na kuwakandamiza na kuwadhalilisha. Wanaofuatilia historia yake wanaanzia Pemba mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili ilikuja mwaka 1995. Ilianza Pemba tena mwanzoni mwa mwaka, ikavuka bahari mpaka Unguja. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na kila upande ulikuwa tayari kuamini kwamba shetani ametumwa na upande wa pili. Watu wakaacha vitanda vyao wakalala nje kwa makundi, moto umekokwa, Ayatul Kursiy inasomwa.

Halafu shetani huyu alikuwa na sharti lake: aliyetembelewa lazima awasimulie wengine, asipofanya hivyo atarudiwa. Fikirieni hapo. Ni filamu inayojitangaza yenyewe, kila mtazamaji ni mpiga debe.

Baadaye alirudi tena, mara zaidi ya moja. Mwaka 2007 habari zake zilisikika mpaka Dar es Salaam, na mashirika ya habari ya nje yakaziandika. Ila kila aliporudi nguvu zilipungua na vichekesho vikaongezeka. Wasomi nao wakapata kazi. Mmarekani Joe Nickell alieleza kwamba kinachowapata watu ni kile ambacho sisi tunakiita jinamizi: ubongo umeamka, mwili bado umefungwa na usingizi, kifua kizito, na unaona kitu chumbani. Katrina Daly Thompson alitoa kitabu kizima mwaka 2017 juu ya namna Watanzania wanavyomzungumza Popobawa.

Sasa kosa langu. Oktoba 2020, nikiwa ndio kwanza nimetoka chuo, mhariri wangu wa wakati huo alitaka kitu chepesi cha msimu wa uchaguzi. Nikamwandikia makala ya kuchekesha kwamba mwaka huu Popobawa amechelewa, labda amekosa boti. Watu waliipenda, nilipata simu za pongezi. Katikati ya makala ile kulikuwa na sentensi hii: "Mtu mmoja aliuawa na wananchi wenye hasira kali waliomdhania kuwa ndiye Popobawa." Maneno kumi na mawili. Sentensi iliyofuata ilikuwa mzaha kuhusu waganga.

"Niliisoma," mzee akasema. "Uliandika vizuri. Lakini kwanza kamuulize bibi yako."

Bibi yangu anakaa Michenzani, kwenye yale majumba marefu. Nilikwenda Ijumaa mchana. Nikamkuta na mjomba wangu, ambaye ni fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache. Tulipokwisha kula nikamuuliza bibi habari za 1995.

Bibi alisimulia kwa furaha kabisa, niseme ukweli. Walivyoshusha mikeka chini ya jumba, walivyojuana na majirani ambao hawakuwahi hata kusalimiana nao, ubani uliochomwa mpaka watoto wakakohoa. Kuna mama mmoja aligoma kushuka akakaa ndani peke yake. Asubuhi kila mtu alimwangalia usoni kutafuta dalili. "Ilikuwa kama harusi yenye hofu," akasema.

Mjomba alikuwa akichokonoa meno. Akasema bila kuniangalia, "Mjomba, na yule kijana je?"

Bibi akanyamaza. Akaondoa sahani.

Mjomba akanieleza. Alikuwa na miaka kumi na saba. Usiku mmoja kijana mgeni alipita karibu na pale walipolala, mkoba begani, anatembea haraka. Mtu akapiga ukelele kwamba ndiye huyo. Watu kama arobaini wakainuka mara moja. Hakuna aliyeuliza, akasema mjomba, miguu ilikwenda yenyewe. Kijana akakimbia, wakamkimbiza, akajikwaa kwenye mtaro akaanguka. Wakamzunguka. Mjomba alikuwa na tofali mkononi na mpaka leo hakumbuki aliliokota wapi.

Halafu mtoto mmoja akammulika kwa tochi akasema, "Huyu si kijana wa boflo?"

Alikuwa kijana wa bara aliyefanya kazi kwenye tanuri la mikate. Nusu ya watu pale walikuwa wanakula mikate yake kila asubuhi. Wakamwinua, wakampa maji, wakampangusa vumbi.

"Tukacheka, mjomba," akasema. "Tulicheka sana. Tofali nililiweka chini taratibu, kama nililibeba kwa kazi nyengine."

Baadaye wakasikia habari ya yule mwengine. Ilikuwa mwezi Aprili, hapa hapa mjini. Naye alitoka bara, alikuwa mgonjwa wa akili, alikuja Unguja kwa ajili ya matibabu. Watu walimkuta usiku, wakamuuliza maswali, majibu yake hayakuwaridhisha. Wakamuua.

"Wa kwetu alikuwa na boflo la kumtambulisha," mjomba akasema. "Yule hakuwa na mtu wa kumwulika tochi."

Nilitoka pale nikatembea mpaka Forodhani bila kupanda gari. Nikiri kwamba kwanza niliwaza mambo ya kijinga: kwamba mzee wa Jaws Corner alikuwa sahihi na mimi nimeshindwa ubishi. Sehemu ya pili ilishinda ya kwanza kwa sababu ilimpata mtu wa kumuua. Mwaka 1965 shetani alikuwa gizani. Mwaka 1995 tulimtoa gizani sisi wenyewe, tukampa mwili wa mgonjwa.

Usiku ule sikulala mapema, nikafungua kompyuta nikaangalia Ouija: Origin of Evil. Nilikuwa nimeiweka muda mrefu bila kuiangalia kwa sababu ya kwanza yake, Ouija ya 2014, ilinichosha. Katika ile ya kwanza kuna bibi mmoja aliyefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Vijana wanakwenda kumuuliza siri za nyumba. Yupo ili atutishe, atudanganye na basi. Hii ya 2016, iliyoongozwa na Mike Flanagan, inarudi nyuma mpaka Los Angeles ya 1967. Bibi yule ni msichana. Ana mama mjane ambaye anaendesha maisha kwa kujifanya anazungumza na wafu, na ana mdogo wake wa kike anayemhurumia. Tunaiona meza yao ya chakula, tunaziona shida zao za pesa. Na sisi tunajua tangu mwanzo kwamba msichana huyu ataishia kwenye kile chumba cha hospitali.

Hoja yangu ya kutojua ilivunjika pale pale. Nilijua mwisho, na niliogopa zaidi. Niliogopa kwa sababu sasa nilimjua mtu mwenyewe. Filamu ya kwanza ilimtumia mgonjwa kama kituko. Ya pili ikampa mama, mdogo wake na nyumba.

Sasa nikailinganisha na makala yangu ya 2020. Mimi nilifanya nini? Nilichukua kisa ambacho watu waliwahi kukikimbia usiku, nikakiongezea utani, nikakiuza tena. Mtu pekee aliyekufa ndani yake nilimpa maneno kumi na mawili, tena ya kuazima. "Wananchi wenye hasira kali" ni maneno tunayoyaweka magazetini kila mwizi anapopigwa, kama vile ni kundi la watu waliotoka mwezini. Kumbe mmoja wao anatengeneza mafriji, na Ijumaa ananipakulia pilau.

Kwa hiyo wadau, jibu langu limebadilika. Sehemu ya pili inaweza kuipita ya kwanza. Inashindwa pale inapomwongeza jini, maana jini tumeshamwona. Inashinda pale inapokwenda kumtafuta yule ambaye sehemu ya kwanza ilimpita njiani bila kumuuliza jina. Kuhusu Stree 2 bado sijakubali, rafiki yangu asivimbe kichwa. Ila hata hapo najua kwa nini anaipenda: mzuka ambaye mji mzima ulimkimbia mara ya kwanza, mara ya pili ndiye wanayemwomba awalinde.

Wiki iliyopita nilirudi kwa mjomba. Nikamwambia nataka kuandika upya, safari hii bila boti na bila waganga. Nikamuuliza kama anaruhusu. Alikuwa amelala chali chini ya friji la mtu, anachomelea bomba. Akakaa kimya mpaka nikadhani hakunisikia.

"Andika," akasema. "Langu jina liache. Lake litafute. Na ndugu zake waulize kwanza kama wanataka."

Ndiyo kazi niliyonayo sasa. Inakwenda polepole, imepita miaka thelathini na zaidi, na wengi niliowauliza wanamkumbuka Popobawa vizuri kabisa, mpaka harufu yake. Yule mtu hawamkumbuki.

Wenye bibi na babu waliokuwepo mwaka ule, kawaulizeni kabla hawajaondoka. Wakimaliza kusimulia habari za mikeka na ubani, msiinuke. Kaeni kidogo. Kuna wakati mtu pembeni anachokonoa meno, na yeye ndiye mwenye sehemu ya pili.

Nawasilisha. Tuonane baraza.