Niliposimama upande wa Malawi

Jioni moja, katika darasa la diplomasia Kurasini, Dar es Salaam, mwalimu alipitisha vikaratasi vilivyokunjwa, kila kimoja na nchi ya kuiwakilisha katika mdahalo. Changu kilikuwa na neno moja tu: Malawi. Mama yangu ni mzaliwa wa Mbamba Bay, upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa. Nilijua kuogelea katika ziwa hilo kabla sijajua kusoma, na sasa natakiwa nisimame mbele ya wenzangu niwaambie kwamba maji yale, hadi pale mchanga unapoanza, si yetu.

Tulipewa siku tatu za kujiandaa. Ya kwanza niliimaliza kwa kununa.

Ya pili nikaingia maktaba. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1890 uliweka mpaka ufukoni mwa ziwa, upande wetu, na Malawi imeushikilia hadi leo. Sisi tunasema mpaka upite katikati ya maji. Hadi hapo nilikuwa sijashtuka. Kilichonikaba ni azimio la Cairo la Julai 1964, ambamo wakuu wa nchi huru za Afrika waliahidi kuheshimu mipaka waliyoirithi kwa wakoloni. Aliyelipeleka azimio lile mezani ni Mwalimu Nyerere mwenyewe. Nikacheka peke yangu, mtunza maktaba akaniangalia kwa jicho la kuonya. Panga la kutukata tulikuwa tumelinoa wenyewe.

Siku ya mdahalo nilizungumza dakika kumi. Nilipokaa, aliyewakilisha Tanzania, bwana mmoja wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha, alinitazama kama mtu aliyeuza shamba la ukoo. Msimamo wangu kuhusu ziwa haujabadilika, naomba hilo lieleweke, hasa na mama. Lakini tangu siku hiyo sijaweza tena kusema kwamba Wamalawi hawana hoja.

Chuo chenyewe watu wa mjini wanakiita Chuo cha Diplomasia. Kilianza 1978 kwa ubia wa Tanzania na Msumbiji, wakati Msumbiji ina miaka mitatu tu ya uhuru. Na kabla yake, Kurasini hiyohiyo ilikuwa na Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana wakimbizi ambayo Janet Mondlane aliiendesha miaka ya 1960. Mumewe Eduardo, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, aliuawa kwa bomu la kifurushi hapa Dar es Salaam Februari 1969. Joaquim Chissano, mwenzake katika FRELIMO, naye aliishi mji huu miaka ya harakati. Uhuru ulipofika akawa waziri wa mambo ya nje, bila muda wa kujifunza kazi polepole. Miongo kadhaa baadaye, akiwa rais mstaafu, ndiye aliyeongoza jopo la kusuluhisha mgogoro wa ziwa lilelile lililoninunisha.

Siku hizi chuo kimejaa vijana, kuanzia wa cheti hadi wa shahada, pamoja na sisi watu wazima wa jioni tunaosinzia mstari wa nyuma. Lawama ninayoisikia kila mara ni kwamba wahitimu wamekuwa wengi kuliko balozi zetu. Ni kweli. Lakini hesabu hiyo inamchukulia kila mwanafunzi kama balozi aliyekosa nafasi, na mimi sikwenda pale kutafuta ubalozi. Nilikwenda kwa sababu kazini nilikuwa nagombana na kila mtu.

Jina rasmi la chuo sasa ni la Dkt. Salim Ahmed Salim. Alikuwa balozi Misri akiwa na miaka 22, mwaka 1964, na baadaye, akiwa mwakilishi wetu Umoja wa Mataifa, alirudi kukaa darasani Chuo Kikuu cha Columbia. Hilo la kurudi darasani linanigusa kuliko vyeo vyake. Mwaka 1981 aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa na Marekani ikamzuia kwa kura ya turufu, duru baada ya duru. Wengi wanasema haikusahau shangwe za Watanzania ukumbini Oktoba 1971, siku China ya Beijing iliporudishiwa kiti cha Umoja wa Mataifa kinyume na matakwa ya Marekani. Alijiondoa, na kuanzia 1989 hadi 2001 akaongoza sekretarieti ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Darasani tulibishana usiku mzima kama wajumbe wetu walipaswa kushangilia kimyakimya. Mimi nilisema hapana. Furaha nayo ni msimamo.

Kazi yangu yenyewe, ile ya ugomvi, ni uwakala wa forodha. Mwezi uliopita mzigo wa mteja ulikwama Tunduma, na mwenzetu wa upande wa Zambia akatuandikia barua ya kutulaumu, ndefu, yenye nakala kwa watu sita. Nilikuwa nimeshaanza kumjibu kwa hasira. Nikaiweka barua yangu pembeni, nikachukua karatasi nyingine na kuandika barua ambayo ningeiandika kama ningekuwa yeye, na tarehe zote za upande wake nikaziweka.

Barua hiyo ya upande wake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nikampigia simu, tukagawana gharama za maegesho nusu kwa nusu.