Usukani Uliotetemeka

"Dogo, usukani ukitetemeka ukipiga breki, shuku diski. Ukitetemeka mwendo wa 100 tu, anza na magurudumu." Hayo alinifunza fundi mwenyewe, mwaka niliomaliza kidato cha nne.

Basi, ndugu msomaji, siku moja ikaletwa Benzi nyeusi. Ikifika 100 inatetemeka. Breki hazina neno. Nikainama: tope limegandamana ndani ya rimu ya mbele, upande mmoja. Fundi naye aliliona. Akamwambia mwenye gari, "Mzee, stelingi boksi imekwisha."

Mzee akaanza kuhesabu noti. Mimi, ninayeandika riwaya ya kijana mkweli, nikashika tambara nikafuta dashibodi. Kodi ya chumba ilinikabili, jamani.

Usiku nikafungua daftari, ukurasa wa 41. Sikuandika hata neno.